Latitude yangu na jina lililofutwa: uzoefu wangu, na ninakoiona Dell ikielekea

Kompyuta ninayoitumia kila siku ni Dell Latitude 7490. Ni toleo la mwaka 2018 na niliinunua ikiwa imeshatumika, moja ya zile zinazotoka maofisini makampuni yanapobadilisha vifaa. Najua tathmini hii imechelewa. Haiuzwi tena ikiwa mpya, na hata jina la Latitude lenyewe limeondolewa kwenye mashine mpya. Ila hilo la jina ndilo limenisukuma kuandika, kwa sababu kila nikifikiria kuja kununua nyingine najikuta nauliza Dell inataka kuwa kampuni gani.

Kwanza kompyuta yenyewe. Skrini ni ya inchi 14, mwili mweusi usio na mbwembwe, ukiiweka mezani hakuna atakayegeuka kuitazama. Kibodi ndiyo iliyonifanya niipende: vitufe vinazama vya kutosha, kidole kinajua kimebonyeza. Pembeni kuna tundu la HDMI, tundu la waya wa mtandao la ukubwa kamili, USB za kawaida tatu, na USB-C ambayo inapokea chaji pia. Sitembei na adapta wala mkia wowote wa kuunganishia. Kwa kuandika, kwa majedwali ya hesabu, kwa mikutano ya video na kurasa nyingi za intaneti zilizofunguliwa kwa pamoja, inatosha na kubaki. Kuhariri video nzito si kazi yake, na aliyeibuni hakuahidi hilo.

Uzuri wake mkubwa uko chini. Legeza skrubu, ng'oa mfuniko mmoja, kila kitu kiko wazi mbele yako: nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya muda), SSD (hifadhi ya mafaili), betri, feni. RAM niliongeza mwenyewe, na betri nimeshaibadilisha, nikifuata mwongozo wa ufundi ambao Dell huuweka kwenye tovuti yake mtu yeyote aupakue. Kwenye tumbo la kompyuta kuna namba ya huduma yenye herufi na tarakimu 7. Ukiiandika kwenye tovuti hiyo unaona mashine ilitoka kiwandani na prosesa gani, yaani ubongo wake, na draiva zake zote, zile programu za kuendesha vifaa vyake, zinakuja. Kwa mtu anayenunua kitu kilichopita mikononi mwa wengine, huo ni utajiri.

Halafu kuna namba za kwenye jina. Kwa muda mrefu namba za Latitude zilisomeka. Chukua 7490: 7 ya mwanzo ni daraja, juu ya 5 na 3, 4 ni skrini ya inchi 14, 9 ni kizazi. Kabla yake ilikuwa 7480, baada yake ikaja 7400, kisha 7410, 7420, 7430, hivyo hivyo hadi 7450. Anayeuza anaweza kupaka mafuta maneno yake anavyotaka, ukishajua namba hakudanganyi. Na hili si la kujifurahisha tu. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha nane na kuendelea, ukiacha chache mno za kizazi cha saba. Kwenye familia hii mstari huo unapita karibu kabisa kati ya 7480 na 7490. Nasema karibu, maana jina la prosesa ni lazima ulihakikishe kabla hujatoa hela. Lakini tarakimu moja tu inakuambia uanzie kuangalia wapi. Fundi naye akiagiza spea anataja namba hiyohiyo, na mtu mwenye tatizo anaitafuta kwa namba hiyohiyo na kukuta wenzake walishalijadili miaka iliyopita.

Sasa mwanzoni mwa Januari 2025, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES mjini Las Vegas, Dell ikatangaza kuyastaafisha majina yake karibu yote: XPS, Inspiron, Latitude, Precision, OptiPlex. Mahali pake yakaja matatu. Dell ni ya nyumbani na shuleni, Dell Pro ni ya ofisini, Dell Pro Max ni ya kazi nzito. Kisha kila moja ikagawanywa tena: ya kawaida, Plus na Premium. Alienware, ile ya wacheza michezo, ambayo Dell iliinunua mwaka 2006, ikaachwa na jina lake. Maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba wateja wanataka majina mepesi kuyakumbuka. Watu wakaangua kicheko, kwa sababu Pro na Pro Max wanazifahamu kutoka kwenye simu za Apple.

Mimi kuiga hakunikeri. Kinachonikera ni kwamba ngazi mbili zimepandikizwa juu ya nyingine. Dell Pro 13 Premium na Dell Pro Max 16 Plus, ipi iko juu? Jibu lipo, lakini halipo kwenye jina. Lazima uwe umesoma mchoro wao. Na kizazi nacho hakimo. Dell Pro 14 Plus ya mwaka 2025 na ya miaka mitatu baadaye zitaitwaje zikikutana kwenye meza ya muuzaji wa vilivyotumika? Kuna namba ya pembeni, kwa mfano PB14250, na ukiitazama vizuri 14 ni inchi na 25 ni mwaka. Ina maana wahandisi wao bado wanahitaji namba inayosomeka. Wameihamishia tu kwenye maandishi madogo, na muuzaji atakapoandika tangazo lake ataandika Dell Pro basi.

Mwaka mmoja haukupita bure. Januari 2026, kwenye maonyesho yaleyale, XPS ikarudi. Zikaja XPS 14 na XPS 16, zikiwa na herufi hizo tatu kwenye kifuniko mahali ilipokuwa ikikaa nembo ya Dell, na safu ya juu ya kibodi ikarudishiwa vitufe halisi badala ya ile ya kugusa iliyokuwa imewekwa kwenye matoleo yaliyotangulia. Jeff Clarke, ambaye ndiye mwendeshaji mkuu wa shughuli za kampuni, alikiri hadharani kwamba walikuwa wametoka njiani. Sikumbuki kampuni ya ukubwa huo ikimeza maneno yake haraka namna hiyo, na kwa hilo nawapa heshima. Ila turudi kwenye Latitude: mbona yenyewe haikurudi?

Hapa naanza kukisia, na msomaji ana ruhusa ya kunipinga.

XPS ina wapenzi. Mtu anaitaja kwa jina, anaitamani, anaichagua mwenyewe. Latitude haikuwahi kutamaniwa na mtu. Ilinunuliwa kwa mkataba, kompyuta elfu kwa mkupuo, na mfanyakazi akakabidhiwa siku ya kwanza kazini pamoja na kitambulisho. Idara ya manunuzi inasoma bei, dhamana na muda wa huduma. Iitwe Latitude, iitwe Dell Pro, sahihi inawekwa palepale. Kwa hiyo kelele za kuirudisha hazikusikika kule juu, kwani wanaoijua Latitude kwa jina ni mafundi na sisi wanunuzi wa mkono wa pili. Nakisia haitarudi. Dell Pro itabaki, ila ndani ya miaka miwili au mitatu watalazimika kuweka alama ya kizazi waziwazi, kama Lenovo inavyoandika Gen na namba kwenye ThinkPad, kompyuta zake za maofisini.

Na ThinkPad ndiyo mfano ninaoupenda kwenye mjadala huu. Ilizaliwa IBM mwaka 1992. Mwaka 2005 Lenovo ikanunua biashara nzima ya kompyuta binafsi ya IBM, na ingeweza kabisa kufuta jina na kuanza upya. Haikufuta. Ilibadilika nembo, akabadilika mwenye mali, jina likabaki na kile kinundu chekundu katikati ya kibodi kikabaki. HP nayo, ilipopangua majina yake mwaka 2024, iliziweka Spectre, Envy na Pavilion pembeni na kufufua OmniBook, jina lake la miaka ya 1990; lakini EliteBook, ile ya maofisini, haikuguswa. Dell peke yake ndiyo iliyofagia nyumba nzima kwa ufagio mmoja.

Lakini je, ilifagia nyumba nzima kweli? Hapana, na hapa ndipo nadhani siri yao ilipo. Seva zao, yaani kompyuta kubwa zinazohudumia kompyuta nyingine, bado zinaitwa PowerEdge, jina lililoanza miaka ya 1990, na namba zake bado zinasomeka kama zilivyosomeka za Latitude: R750, R760, R770 ni za kizazi cha 15, 16 na 17, zote za kufungwa kwenye rafu. Hakuna PowerEdge Pro Max Plus. Anayesimamia chumba cha seva asingevumilia kupotezewa muda wa namna hiyo, na Dell inalijua hilo. Pale pesa ilipo nzito, hawakufanya mzaha na majina.

Pesa kweli imehamia huko. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Januari 2025, Dell ilipata mapato ya dola bilioni 95.6, upande wa kompyuta za watu na maofisi ulileta bilioni 48.4, na upande wa seva na hifadhi ya data bilioni 43.6. Miezi michache baadaye mizani ikapinduka: katika robo iliyoishia mwanzoni mwa Agosti 2025, seva na hifadhi zilileta bilioni 16.8, kompyuta bilioni 12.5. Ni akili mnemba hiyo, na wale wanaojenga vituo vya kuiendeshea. Kampuni ambayo Michael Dell aliianza mwaka 1984 katika chumba cha bweni, Chuo Kikuu cha Texas, kwa kuunda kompyuta moja moja na kumuuzia mteja bila dalali, sasa inaishi kwa kuuza makabati ya seva.

Si mara ya kwanza kwao kujibadilisha. Ilianza kwa jina PC's Limited, ikawa Dell Computer, mwaka 2003 ikaliacha neno la kompyuta, mwaka 2013 Michael Dell na washirika wake wakaitoa kwenye soko la hisa, na mwaka 2016 ilipoimeza EMC, kampuni ya hifadhi ya data, ikaitwa Dell Technologies. Kila badiliko lilikuwa na biashara nyuma yake. Nikiyasoma majina ya 2025 kwa miwani hiyo, sioni kampuni inayozipenda upya kompyuta zake. Naona kampuni inayopunguza gharama ya kuzisimamia: chapa moja, tangazo moja, orodha fupi. XPS wameirudisha kwa sababu duka linahitaji dirisha la kuvutia wapita njia.

Je, wataliuza tawi la kompyuta kama IBM ilivyofanya? Sidhani. IBM ilijitoa wakati wateja wake wakubwa hawakuhitaji kompyuta kutoka kwake. Dell bado inauza kila kitu kwa mkupuo kwa mteja yuleyule: seva, hifadhi, skrini, mpaka kompyuta ya mpokea wageni. Kuikata sehemu moja kungewafungulia mlango HP na Lenovo. Kitakachofanyika, naona, ni kuziacha kompyuta zibaki kama huduma ya ziada kwa mteja mkubwa, nzuri za kutosha, bila ujasiri mwingi. Hata ule wimbo wa kompyuta za akili mnemba umeshushwa sauti. Mwanzoni mwa 2026 watu wao wenyewe walikubali kwamba mnunuzi wa kawaida hachagui kompyuta kwa ajili hiyo.

Kuna jambo moja linalonipa matumaini. Mwaka 2021 walionyesha Concept Luna, kompyuta ya majaribio iliyobuniwa ifunguke kwa urahisi na sehemu zake zitumike tena. Haikuuzwa, lakini mwaka 2025 kwenye Dell Pro wakaleta tundu la USB-C linalofungwa kwa skrubu, likiharibika linabadilishwa lenyewe bila kugusa bodi kuu. Aliyewahi kuambiwa na fundi kwamba tundu la chaji limekufa na bodi nzima inatakiwa, ataelewa kwa nini nilifurahi kuliko nilivyofurahia skrini yoyote mpya. Tena Dell ina maslahi yake hapo: hukodisha kompyuta kwa makampuni na kuziuza tena zikirudi. Kompyuta inayofunguka na yenye jina linaloeleweka inabaki na thamani, na thamani hiyo inarudi kwao kabla haijanifikia mimi.

Kwa anayenunua leo, ushauri wangu ni wa wazi. Latitude zilizotumika bado ni nyingi na namba zake bado zinasomeka, kwa hiyo zitafute kabla hazijaisha. Ukitaka kuja kuongeza RAM mwenyewe, usikimbilie daraja la 7 kwa kuwa ni la juu; kuanzia 7420 RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Chukua 5420, 5430 au 5440, ni nzito kidogo ila nafasi za RAM zipo. Na ukiuziwa Dell Pro, omba ile namba ndefu yenye herufi mbili mwanzoni. Muuzaji akisema haijui, geuza kompyuta usome namba ya huduma, uiingize kwenye tovuti palepale mkiwa bado mnaongea bei.