Zana za mtandaoni za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini): ipi ianze, ipi isubiri

Karibu zana zote nitakazozitaja hapa ni za bure, na ndiyo maana watu huzichagua ovyo. Lakini mwalimu analipa. Analipa bando, analipa nafasi kwenye simu iliyokwishajaa, analipa na ile jioni aliyotakiwa kusahihisha madaftari. Kwa hiyo tuzungumze kama watu walioshika hela mkononi.

Naratibu jumuiya ya ujifunzaji ya walimu wa darasa la kwanza na la pili, shule kadhaa za kata moja. Kipimo changu ni kimoja tu: simtazami mwalimu aliyehudhuria, namtazama aliyekosa. Bando lilikata Jumatano, au alikuwa zamu, au mtoto wake aliamka na homa. Ijumaa usiku akiwasha data, atakikuta tulichojifunza, na kitamfaa Jumatatu darasani? Zana inayomfikishia iko juu. Inayomwambia "pole, ulikosa" iko chini, hata iwe na sura nzuri vipi.

Ya kwanza: WhatsApp, lakini grupu la pili

Najua, hakuna jipya hapo. Lakini walimu wote wanayo, hakuna wa kufundishwa, na ujumbe ulioandikwa mtandao ukiwa umekata huondoka wenyewe mtandao ukirudi. Sauti ya dakika moja haifiki hata nusu MB.

Mwaka huu mwalimu mmoja wa darasa la pili alitutumia picha ya ubao, Jumanne saa nane mchana. Alikuwa ametoka kusomesha imla, na zaidi ya nusu ya darasa walikuwa wameandika "baba anakura wali". Chini ya picha, sauti ya dakika mbili: ameshawaonyesha ulimi unavyokaa, ameshaimba nao, bado r na l zinagombana. Jioni mwenzake wa shule ya pili akajibu kwamba tatizo si kalamu, ni sikio. Waache kuandika kwanza. Wape jozi, kula na kura, mahali na mahari. Mwalimu ataje neno, mtoto anyanyue kadi ya picha inayolingana nalo. Wakishazitofautisha kwa kusikia, ndipo warudi kwenye imla. Kufika Ijumaa shule mbili nyingine zilikuwa zimejaribu na kurudisha majibu, moja ikiwa na kelele za watoto nyuma yake. Hayo ndiyo mafunzo kazini, na hakuna aliyepanda bodaboda.

Sasa ubaya wake. Wiki hiyohiyo tulipata msiba. Mnaijua ile orodha ya rambirambi: kila anayechangia anainakili yote, anaongeza jina lake chini, anairudisha. Ikirudiwa mara thelathini, ubao wa "anakura" umeshapanda juu mpaka huuoni tena. Ndiyo maana nasema grupu la pili. Michango, pongezi na matangazo ya vikao vibaki kule kwa zamani. Hili jipya liwe la masomo tu, na admini asione haya kufuta "amina" iliyopotea njia.

Mengine matatu ya kujua kabla hujalitegemea. Anayeingia leo haoni ya jana mpaka mtu amrushie. Picha au faili lililokaa muda mrefu bila kupakuliwa hufika mahali likagoma, ukaambiwa umwombe aliyetuma alitume upya. Na huwezi kutafuta maneno yaliyomo ndani ya sauti. Kwa hiyo kila sauti iandikiwe mstari mmoja, mfano "r na l, imla, darasa la 2". Ujumbe muhimu ubandikeni juu ya grupu, ila nafasi ni tatu tu na kila mmoja hukaa siku 30 kwa kiwango cha juu.

Ya pili: Google Drive, kabati la jumuiya

WhatsApp ni baraza. Baraza linahitaji kabati nyuma yake, la sivyo kila muhula mnaanza upya. Drive inatoa GB 15 bure, nanyi mkiweka maandalio ya somo, picha za zana za kufundishia na muhtasari wa kila kikao, mtachukua miaka kuijaza. Angalieni tu kwamba hizo GB 15 zinagawana nafasi na barua pepe na picha za akaunti hiyohiyo.

Faida yake kubwa ni ule uandishi wa pamoja. Andalio moja, walimu watano, kila mmoja anaandika maoni pembeni, na hakuna cha "andalio la mwisho", "la mwisho kabisa", "la mwisho 3". Dokumenti inaweza kufunguliwa hata bila mtandao, mradi uliruhusu hilo mapema ukiwa na mtandao. Wengi hugundua kipengele hicho wakiwa wameshakatika.

Kilichotukuta sisi hakikuwa kosa la programu. Mratibu aliyenitangulia alifungua folda kwa barua pepe yake binafsi. Akapata uhamisho, simu ikaibiwa safarini, neno la siri hakulikumbuka. Tukabaki na linki inayotuambia hatuna ruhusa, na ndani yake miaka miwili ya kazi yetu. Fungueni barua pepe ya jumuiya, isiyo ya mtu.

Ya tatu: Telegram, mkishakuwa wengi

Kwa kipimo cha aliyekosa, Telegram inaishinda WhatsApp. Mwanachama mpya anaweza kusoma yote ya nyuma grupu likiwekwa hivyo, mafaili yanakaa kwenye seva badala ya kujaza simu, na grupu moja hubeba hadi watu 200,000. Kwa walimu wa wilaya nzima ningeanza nayo. Kwa jumuiya ya watu ishirini, nusu watakuahidi kuiweka na hawataiweka. Isitoshe, jina lake halina heri msimu wa mitihani: huko Kenya Telegram ilibanwa Novemba 2023 na tena 2024, wakati wa KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, kwa sababu ya wanaouza karatasi za mtihani. Msiifanye kabati lenu pekee.

Ya nne: Google Meet, na nyuma yake Zoom

Meet ya bure inakubali watu 100 kwa dakika 60. Zoom ya bure inakubali watu 100 kwa dakika 40. Kwa hiyo Meet mbele, hakuna ubishi mrefu.

Tatizo liko kwa wote wawili. Tuliwahi kufanya kikao cha video kuhusu kufundisha sehemu, nusu na robo. Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa "mnanisikia?", "zima maiki, mwalimu, tunasikia kuku", na mwezeshaji akitafuta kitufe cha kuonyesha skrini. Saa moja ya video ya watu wengi inaweza kula GB moja au zaidi. Na aliyekosa hapati kitu: Meet ya bure hairekodi, Zoom ya bure inarekodi kwenye kompyuta tu, si kwenye simu.

Video ina siku yake, pengine mara moja kwa muhula, mnapompata mkufunzi wa chuo aliye mbali. Hapo msiingie kila mtu na simu yake. Kutaneni kwenye shule moja yenye projekta, bando moja, skrini moja, chai. Mmoja aandike muhtasari wa ukurasa mmoja, usiku huohuo uingie kabatini.

Za mwisho: Google Classroom na Moodle

Classroom ni nzuri kwa wanafunzi. Kwa walimu inanikera, kwa sababu imejengwa juu ya mwalimu mmoja anayetoa kazi na wengine wanaokusanya. Mwalimu wa miaka ishirini kazini ukimpa "kazi" yenye tarehe ya mwisho na alama, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo hasara yenu.

Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, ni bure pia, ina programu ya simu inayokuruhusu kupakua kozi na kusoma bila mtandao. Ila inataka seva na mtu wa kuilea, kazi ambayo kata haiiwezi na haina haja nayo. Taasisi ya Elimu Tanzania tayari ina mfumo wake wa mafunzo mtandaoni wenye moduli za MEWAKA. Ingieni huko, pakueni moduli kwenye vile vishikwambi vilivyobaki kutoka sensa ya 2022, kisha mjadala ufanyikie grupuni.

Kama kuna hela kidogo

Msinunue usajili wa programu yoyote. Nunueni bando la mratibu, maana ndiye anayepakia kila kitu. Kisha spika za masikioni zenye maiki nzuri kidogo, ili sauti zake zisikike bila upepo. Kisha kadi ya kumbukumbu.

Na kabla ya picha ya kwanza kurushwa, kubalianeni hili: ubao sawa, daftari sawa jina likiwa limefunikwa, uso wa mtoto hapana. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na hata bila sheria, mzazi hakumleta mwanawe shule azungushwe kwenye simu za watu.

Neno la siri la ile barua pepe ya jumuiya sisi tumeliandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa nyuma, kabatini kwa mwalimu mkuu. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti ni ya mwalimu mwenye shamba na nyumba hapahapa kijijini. Huyo hahami.