Nimebadilisha prosesa ya Dell ya mwaka 2012: inafaa?

Assalaam alaykum watazamaji wangu, karibuni tena, nipo hapa hapa Chake Chake. Mezani leo nnayo hii Dell OptiPlex 7010, kompyuta ya mwaka 2012, ndiyo ninayohaririya video za harusi. Ilikuja na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel Core i3-3220, kori mbili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi. Nimeitoa, nimeweka Core i7-3770, kori nne zinazobeba kazi nane kwa pamoja.

Wengi mmeniuliza: nibadilishe prosesa, au ning'oe na madabodi yote, ile bodi kubwa inayobeba kila kitu ndani? Jibu langu nakupeni mwanzo. Kama madabodi ni nzima, iache. Tafuta prosesa kubwa kabisa inayokubalika na soketi yako, yaani pale prosesa inapokaa kwenye madabodi, basi.

Soketi ndiyo mambo yote. Hii yangu ni LGA1155, ina pini 1155. Inapokea Core za kizazi cha pili na cha tatu, kizazi cha nne haiingii. Na hili limenikuta. Niliagiza Unguja, muuzaji akaniambia, "Hii i5-4570 ni ile ile, tena mpya zaidi." Mzigo ukaja na boti mpaka Mkoani, nikaufuata kwa daladala. Kuiweka juu ya soketi, yale mapengo mawili ya pembeni ya prosesa hayakutani na vidole vya plastiki vya soketi. Ile ni ya kizazi cha nne, soketi yake ni LGA1150, imepungua pini tano tu, lakini haikai. Nauli na siku mbili zimekwenda, na kwa kweli niliumia, mana nilimtajia soketi yangu kwa herufi na namba. Kwa hiyo kabla hujatuma pesa, fungua programu ya CPU-Z, usome jina la soketi, umtumie muuzaji picha yake, na yeye akutumie picha ya maandishi yaliyo juu ya prosesa. Picha, si maneno.

Sasa sogeeni muone. Nimefungua skrubu nne za kipoza joto. Sikivuti kwa nguvu, nakizungusha kidogo kulia na kushoto mpaka kiachie. Tazameni hii dawa ya kupitishia joto, iliyo kati ya prosesa na kipoza: imekauka kama chokaa, inapukutika kwa ukucha. Na hapa kwenye mapezi ya alumini pana vumbi limegandana kama sufi ya mto, na unyevu wetu huu na chumvi ya bahari ndio unalifanya lishike. Safisha yote. Prosesa ikipata moto sana hujipunguza mwendo wenyewe, kwa hiyo unaweza kununua i7 ukaitumia kama ile i3 uliyoitoa.

Pini za soketi ni nyembamba kama nywele. Usiziguse kwa kidole wala kwa kitambaa. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye pembe moja. Ilinganishe na alama ya soketi, iteremshe yenyewe bila kuisukuma, kisha shusha mkono wa chuma. Ule mkono una ugumu wake, usiogope. Halafu dawa mpya, tone la ukubwa wa punje ya choroko katikati.

Jengine ni BIOS, ile programu ndogo ya ndani ya madabodi inayoiamsha kompyuta. Yangu iliitambua prosesa papo hapo, lakini madabodi nyengine za LGA1155, zile zilizotoka 2011, hutaka BIOS mpya kwanza ndipo zikubali kizazi cha tatu. Ukiiandika BIOS, iandike kompyuta ikiwa kwenye UPS, ile betri inayoshika umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati, madabodi inaweza kufa hapo hapo, na umeme wetu mnaujua.

Matokeo? Video ya harusi ya saa moja, nikiianzisha baada ya sala ya Alasiri, ilikuwa haimalizi mpaka Magharibi inaadhiniwa. Jana nimeianzisha wakati ule ule, na kumi na moja na robo nishaitia kwenye flashi ya mteja. Bei ya prosesa haikufika robo ya kompyuta mpya. Umeme inakula zaidi, wati 77 badala ya 55, hilo nimelikubali.

Lakini kama wewe unaandika barua na kufungua mtandao tu, mfano mwalimu wa skuli, usinunue i7. Tia SSD, ile diski ya kasi. Utaona tofauti kubwa zaidi kwa pesa ndogo zaidi.

Na msidanganywe kwamba i7 hii itakufikisheni Windows 11. Microsoft inataka Core za kizazi cha nane kwenda juu, na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama. Windows 10 nayo iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Mimi hapa nimeweka Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, na kazi zangu zote zinakwenda.

Kubadilisha madabodi ni safari nyengine. Ramu za DDR3 hazitoingia kwenye bodi mpya, kipoza joto hakitofunga, na kwenye kompyuta za ofisi kama hizi hata waya wa swichi ya mbele hutengenezwa kwa umbo lake wenyewe. Ukihesabu, umenunua kompyuta nzima ukabakisha kasha. Nikilazimika, ningechukua bodi yenye soketi ya AM4, ya prosesa za Ryzen za kampuni ya AMD, mana soketi ile imepokea prosesa za miaka mingi tangu 2017.

Haya, naiwasha mbele yenu. Inahariri sasa hivi, nyuzijoto 76, na dirisha liko wazi, feni ya juu nimeizima makusudi. Sikilizeni mlio wake.