Umegongwa nyuma? Kabla ya kununua puti, fungua buti

Niligongwa nyuma nikiwa kwenye foleni. Haikuwa ajali ya kutisha. Gari la nyuma lilikuwa linatambaa tu, dereva wake kainamia simu. Tulishuka, tukatazama. Bampa limebonyea kama bakuli, taa zote nzima. Akaomba radhi, akanipa kifuta machozi, tukaachana. Jioni nikachemsha maji birika mbili, nikalimwagia bampa, nikapitisha mkono kwa chini na kulisukuma. Likarudi kwa mlio mmoja: po! Nikajiona fundi. Mchubuko uliobaki nikaununulia pakiti ya kutengeneza bampa nyumbani, ile yenye puti, vipande viwili vya msasa na kopo la rangi ya kupuliza.

Miezi mitatu baadaye nikapata pancha. Kuinua zulia la buti nitoe tairi la spea, nakuta limelala ndani ya maji, na jeki imeshika kutu hata haizunguki. Mvua yote ya msimu ilikuwa inaingia humo, mimi niko bize kusifia rangi yangu.

Kwa hiyo leo sitakueleza habari za rangi kufanana wala muda wa kazi, hayo kila mtu anayajua. Nataka uelewe kitu kimoja. Bampa la plastiki ni koti tu. Nyuma yake, kwenye magari mengi, kuna spongi ngumu ya kumeza kishindo, halafu chuma kilicholala kutoka upande hadi upande, halafu bati la nyuma, lile lililobeba kitasa cha buti na ukingo unaoshika mpira. Plastiki ukiipasha moto inarudi. Bati halirudi. Likisogea hata milimita chache, buti litafunga kama kawaida na "tap" yake utaisikia, lakini mpira hautakuwa umebanwa. Hapo maji yanaingia, na tatizo si maji peke yake: gari likiwa kwenye mwendo, hewa ya nyuma huwa na mgandamizo mdogo, hivyo moshi wa ekzosi huzunguka hapo na kutafuta upenyo. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na nyuma hapo ndipo wanapokaa watoto.

Kipimo chake hakigharimu kitu. Chukua ukanda wa karatasi, uweke kwenye mpira, funga buti, vuta. Karatasi inatakiwa ikatae. Zunguka ukingo wote, hasa pembe za chini. Ikichomoka kama barua kwenye bahasha, acha habari ya puti. Kisha muombe mtu ajifungie ndani ya gari usiku na tochi, wewe usimame nje utafute mwanga.

Sasa tupange chaguo zenyewe.

Ya kwanza, bila mjadala: fundi anayefungua bampa ndipo ataje bei. Kulitoa ni suala la skrubu na klipu chache, si kazi ya siku nzima. Akikwambia bei kwa kutazama tu kwa nje, huyo amepiga bei ya rangi. Muulize maswali mawili. Je, utanionyesha spongi na chuma? Na bati likiwa limeingia, unalivuta kwa mashine au kwa nyundo? Chuma kilichopinda kinabadilishwa. Kikishanyooshwa kwa nyundo hakina tena nguvu yake ya mwanzo. Spongi iliyopasuka nayo ni ya kutupa. Kama gari lako linakuonya juu ya gari lililo ubavuni, basi huenda rada zake zimejificha kwenye pembe za bampa, na puti au rangi nene mbele yake huzipofusha. Hiyo si kazi ya nyumbani.

Ya pili: bampa lililotumika la rangi ile ile, unafunga mwenyewe. Naipenda sana, mradi karatasi imekataa kutoka pande zote. Tafuta bisibisi, spana namba 10 na mtu wa kushika upande wa pili, maana ukilivuta kwa pupa unakata waya wa sensa za kurudi nyuma. Nunua klipu mpya kabla hujaanza. Za zamani zitavunjika.

Ya tatu: kupiga rangi mwenyewe. Hapa nina upande na sifichi: kopo la kupuliza la SprayMax 2K, na sijalipwa na mtu. Kopo la kawaida hukauka kwa kuvukiza tu, likidondokewa na petroli rangi inalainika. Hili lina hardena yake ndani, yaani kemikali ya kuigandisha rangi. Unabonyeza kitufe kilichoko kitakoni, unatikisa, na kuanzia hapo una kama siku mbili kabla halijagandia humo humo. Ila hardena hiyo ni sumu ya mapafu. Barakoa ya vumbi haisaidii kitu, vaa ya chujio la kemikali na ufanyie kazi nje. Na tangulia na praima ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la yai.

Maji ya moto na vikombe vya kufyonza? Ni kwa kibonyeo kidogo cha plastiki, baada ya kipimo cha karatasi. Pakiti kama yangu, usinunue.

Tena pakiti ile imenikumbusha muuzaji wake. Nilimuuliza kama puti hiyo inafaa plastiki. "Inashika popote, dada." Baadaye fundi alinigeuzia bampa na kunionyesha herufi zilizochapwa ndani: PP, yaani polipropilini. Plastiki hiyo ni telezi, puti ya bati haiing'ang'anii, na bampa likinesa kidogo tu inapasuka. Muuzaji anaijua siri hii, maana praima ya PP ilikuwa rafu ya juu kichwani pake! Mafundi nao wasijione wema. Wa kwanza niliyempelekea alinitoza bei ya bampa zima, na siku nilipolifungua nikakuta upande mmoja umefungwa kwa waya. Klipu zilikwenda wapi? Hadi leo najiuliza.

Wa pili alipomaliza, nilitoa karatasi yangu kabla ya kutoa pesa. Alicheka. Tukazunguka buti pamoja, yeye anafunga, mimi navuta. Kulia ikakataa. Katikati ikakataa. Pembe ya kushoto ikatoka yote, safi, bila hata mkunjo. Akaacha kucheka, akaenda kuchukua spana.