Uzoefu wangu: mashine ya mipigo miwili au minne kwa boti ya faiba ya mita 7, Dar

Nimetumia mashine zote mbili za kufunga nyuma ya boti, hospawa 40, kwenye boti ya aina moja, njia za Msasani hadi Bongoyo na Kunduchi hadi Mbudya, ikibeba watu sita hadi wanane. Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu. Mimi ningeanza na mawili: itawaka saa ngapi kwa siku, na petroli yake itatoka kituoni au kwenye dumu la mtu.

Ya mipigo miwili, mfano Yamaha Enduro, ni nyepesi, inavutwa kwa kamba bila betri, na spea zake hazisumbui kupata. Fundi wa ufukweni anafungua kabureta, anasafisha jeti, anarudisha, mnaondoka. Ubaya ni ulaji. Ukifungua mafuta yote, hesabu lita 17 hivi kwa saa, pamoja na oili ya 2T inayochanganywa na petroli kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwenye lita 20. Kupunguza oili ili kubana matumizi ni kuitafuta pistoni iliyokwama. Kuizidisha nako kunachafua plagi, na mashine inaanza kukohoa kwenye mwendo mdogo.

Ya mipigo minne kwa mwendo huohuo inakula lita 13 hadi 14. Kwa saa nne kwa siku unaokoa lita 14 za petroli na zaidi ya lita moja ya 2T. Piga hesabu ya mwezi mwenyewe. Haina moshi, na abiria wanaweza kuongea bila kupigiana kelele. Lakini inazidi uzito kwa kilo 20 au zaidi, kwa hiyo tezi (sehemu ya nyuma ya boti) linakaa chini, na kwenye mawimbi ya kusi utaliona hilo. Oili inabadilishwa kila saa 100 pamoja na filta yake. Zenye sindano za umeme badala ya kabureta hazisamehe maji ndani ya petroli: mashine inazima katikati ya mkondo na huna la kusafisha kwa mkono. Funga filta ya kutenganisha maji kati ya tangi na mashine, na uimwage kabla ya safari. Bila filta hiyo, ya mipigo minne usinunue.

Kwa hiyo boti ya abiria inayotoka kila siku: mipigo minne. Mvuvi anayelaza boti mchangani na kununua mafuta kwa dumu: mipigo miwili, na asione haya. Mwenye mashua ya mbao asihangaike na 40 kabisa. Chombo kizito cha mita 7 kinakwama kwenye noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa) hivi hata ukiongeza nguvu, hospawa 15 zinamtosha. Mashine ya dizeli inayofungwa ndani ya boti ni ya safari ndefu za polepole. Shafti yake hainyanyuki, na maji ya bamvua yakipwa ufukwe wetu hauna kina.

Pima tezi kabla ya kulipa. Tezi la sentimita 38 linataka mashine ya mguu mfupi, la 51 mguu mrefu. Bati lililo juu ya propela likae usawa wa chini ya boti au sentimita 2 hivi chini yake. Likiwa juu mno propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele na boti haiendi. Likiwa chini mno unaburuta maji na kuchoma mafuta bure. Kwa mzigo wa abiria chagua propela yenye pichi ndogo, yaani inayosonga umbali mfupi kwa kila mzunguko. Inchi moja ya pichi hubadilisha mizunguko ya mashine kama 200 kwa dakika, na ya mipigo minne inatakiwa ifike 5,000 hadi 6,000 mafuta yote yakiwa wazi.

Zote mbili zinauawa na chumvi. Suuza kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) dakika 10 kila urudipo, usipake rangi vipande vya zinki vinavyoliwa na chumvi badala ya mashine, na ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka pembeni ukipungua zima papo hapo: mara nyingi ni impela (feni ya pampu ya maji) iliyoliwa na mchanga.

Kwa ya mtumba, fungua skrubu ya chini ya giaboksi. Oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni mshipi uliojisokota nyuma ya propela na kukata sili. Bei ishuke, au iache.