Kupima nyumba ya Mji wa Kale kwa skana ya leza: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe hapa Mombasa, na miaka yote nimepima kwa futi kamba na timazi. Safari hii, kwa nyumba ya ghorofa upande wa Ndia Kuu, wenye nyumba walikubali tukodi huduma ya skana ya leza na tutengenezewe modeli ya BIM. Hiyo ni nyumba nzima ndani ya kompyuta, ambamo kila ukuta, mlango na boriti ina vipimo na maelezo yake. Kwa nyumba za aina hii sitaki tena kuanza kazi bila hiyo.

Sababu ya kwanza ni kuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa hauna unene mmoja: chini mpana, juu umepungua, katikati umefura. Futi kamba hukupa namba ya pale ulipoishika tu. Skana husimamishwa chumbani juu ya miguu mitatu, ikazunguka huku ikirusha mwali wa leza na kurekodi maelfu ya nukta kila sekunde. Ukiihamisha chumba hadi chumba, nukta huunganishwa mpaka nyumba yote ikaonekana, kwa tofauti ya milimita chache. Ndipo tukaona ukuta wa kati umelalia uani. Macho hayakuwa yamelitambua hilo, kwa sababu sakafu nayo imeinama upande huohuo.

Halafu boriti. Vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba, takriban mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa urefu wa boriti ya mkoko ndio ulioamua upana. Katika modeli kila boriti ilipewa namba. Fundi bomba alipotaka kushusha paipu la choo cha juu, tulimwonyesha kwenye tableti kwamba njia yake inakata boriti mbili, akaihamisha kabla hajashika tindo. Na mama mwenye nyumba, ambaye ramani za karatasi zilimchosha, aliizungusha modeli kwa kidole akauliza mbona tangi la maji litaziba dirisha la jikoni. Alikuwa na haki kabisa. Tangi likahama.

Kasoro ipo, tena kubwa. Modeli ya kwanza tuliyoletewa ilikuwa na kuta zilizonyooka kama za nyumba mpya! Programu hizi hupenda ukuta wa unene mmoja, na mchoraji alifuata njia iliyo rahisi. Tuliirudisha. Ukikodi huduma hii, iandikwe kwenye mkataba kwamba kuta zichorwe zilivyo, na mkubaliane modeli isipishane na nukta za skana kwa zaidi ya kiasi gani. Usikubali PDF peke yake. Dai faili la IFC. Huo ni mfumo wazi wa kimataifa wa kuhifadhi modeli za majengo, kiwango cha ISO 16739, na hufunguka kwenye programu nyingi, ikiwemo FreeCAD ambayo ni ya bure. Wenye nyumba wakibadilisha msanifu majengo baadaye, hawatafungwa na leseni ya mtu.

Skana haioni ndani ya ukuta. Ncha ya boriti iliyooza au chumvi iliyopanda na unyevu bado ni kazi ya nyundo ndogo, mkono na sikio. Tulichokigundua tulikiandika kwenye modeli, boriti kwa boriti: ipi imebadilishwa, ipi ichunguzwe baada ya masika. Hilo ndilo ninalolithamini zaidi, maana mafundi huondoka na kumbukumbu zao.

Bei si ndogo. Kwa nyumba ya bloku ya vyumba viwili kule Kisauni, futi kamba inatosha. Kwa nyumba ya mawe yenye ghorofa, lipeni, na mchukue nukta zenyewe kwenye diski yenu pamoja na modeli. Ni faili kubwa ambalo kompyuta ya kawaida hulemewa nalo, lakini modeli ikiharibika, itachorwa upya kutokana na nukta hizo bila kupima tena.