Taa ya UVB kwa mjusi ndevu: ununue ipi ukiwa Dar

Mjusi ndevu asili yake ni nyika kavu za Australia, na mwili wake umezoea jua kali. UVB, sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ikimpiga, ngozi yake hutengeneza vitamini D3. Bila D3 hiyo, kalsiamu unayomnyunyizia kwenye panzi na nyenje inapita tumboni na kutoka, na mwili unaanza kuichota kwenye mifupa. Utaona vidole vinatetemeka. Ukimbonyeza taya kidogo linabonyea kama kifutio cha penseli. Mguu ukishapinda haunyooki tena. Ndiyo maana kwenye tangi unaweza kubana matumizi, kwenye taa usibane. Mpangilio huu unaanza na kinachofaa zaidi.

1. Jua lenyewe, na kizimba cha wavu

Dar iko karibu nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na hakuna taa ya dukani inayolifikia jua lake. Unachonunua hapa ni kizimba. Mpe fundi vipimo vya sentimita 60 kwa 40 kwa 40, wavu wa chuma wa matundu ya nusu inchi pande zote, na nusu ya juu ifunikwe kwa ubao ili apate kivuli. Usitumie wavu wa mbu, unapunguza mionzi, na kucha zake zinanasa. Wavu wa juu uwe imara na mlango uwe na komeo, kwa sababu ya paka na hasa kunguru. Kunguru wa Dar hawahitaji dakika mbili kumuona mjusi aliye wazi.

Mtoe kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni, dakika 20 hadi 30, mara tatu au nne kwa wiki. Kaa naye. Akifungua mdomo na kivuli anacho, anapunguza joto tu. Akifungua mdomo na kukimbiakimbia, mrudishe ndani. Usimtoe kamwe akiwa kwenye tangi la kioo: kioo kinazuia karibu UVB yote lakini kinashika joto, na mjusi anaweza kufa ndani ya dakika chache. Kwa sababu hiyohiyo, kumweka dirishani nyuma ya kioo hakumsaidii mifupa.

Jua peke yake halitoshi kwa wengi. Kuna masika, kuna kazi, na kuna nyumba za ghorofa zisizo na kibaraza. Siku hizo ni za namba 2.

2. Tyubu ya T5 HO, asilimia 10 hadi 14

Kama unanunua taa moja tu, nunua hii. T5 ni tyubu nyembamba, HO ni ya nguvu kubwa, na asilimia ni kiasi cha UVB katika mwanga wake. Arcadia ya asilimia 12 au ReptiSun 10.0 ya Zoo Med zote zinafaa. Kwenye tangi la sentimita 120 chukua ya wati 39, yenye urefu wa sentimita 85 hivi, uielekeze upande wa kuotea joto ili upande wa pili ubaki na kivuli. Kati ya tyubu na mgongo wa mjusi acha sentimita 35 hadi 40. Ikiwa imekaa juu ya wavu, acha 25 hadi 30, kwa sababu wavu unakula sehemu kubwa ya mionzi. Mwenye Solarmeter 6.5, kifaa cha kupimia UVB, atafute UVI (kiwango cha ukali wa mionzi) 4 hadi 6 pale mjusi anapoota.

Makosa yanatokea kwenye fremu. Ukiulizia "T5" Kariakoo, mara nyingi utapewa fremu ya LED, na tyubu ya UVB haiwaki humo. Unahitaji fremu yenye balasti (kifaa kinachoendesha tyubu) iliyoandikwa HO na wati zilezile za tyubu, volti 220 hadi 240. Fremu iliyoagizwa Marekani huwa ya volti 120, na ukiichomeka hapa inaungua papo hapo. Balasti za kielektroniki pia hufa umeme unaporudi kwa nguvu baada ya kukatika, kwa hiyo ipitishe kwenye friji gadi. Bei yake ni ndogo kuliko balasti mpya.

3. Tyubu ya T8

Hii ni tyubu nene kuliko T5, na inafaa kwa tangi fupi. Faida yake ni kwamba tyubu ya UVB ya futi 2 inaingia kwenye fremu ya kawaida ya choki na stata, mradi wati zilingane, na fremu hiyo fundi yeyote anaitengeneza. Lakini mionzi yake ni hafifu: iwe sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongoni, bila wavu katikati, na uibadilishe kila miezi 6. T5 hukaa mwaka.

4. Balbu ya zebaki

Inatoa joto na UVB kwa pamoja, na nchi za baridi wanaipenda. Hapa, chumba kikiwa tayari nyuzi 32, inalifanya tangi zima kuwa oveni, na haiwezi kupunguzwa kwa dima. Umeme ukikatika haiwaki mpaka ipoe. Afadhali T5 na balbu ya halojeni ya wati 50 pembeni, kwenye holda ya kauri, jiwe la kuotea lifike nyuzi 38 hadi 42. Usiku zima zote.

5. Balbu ndogo ya kujisokota

Mionzi yake inaangukia sehemu moja tu na kufifia haraka. Kwa mjusi ndevu tunaiacha.

Usinunue kabisa taa za kukaushia kucha wala za kukagulia noti. Hizo ni UVA, mionzi isiyotengeneza D3. Taa za kuua vijidudu zinatoa UVC, na zitamuunguza macho, na yako pia.

Taima ya kuzungusha inasimama umeme ukikatika. Katizo la saa tatu linaichelewesha saa tatu, na mjusi anawashiwa taa hadi saa 4 usiku badala ya saa 1 jioni. Irekebishe kila umeme unaporudi. Na siku unayofunga tyubu, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito kwenye ncha yake: UVB inaisha huku mwanga ukionekana vilevile, na macho yako hayatakuambia.