Safari ya meli kwenda Antaktika: ulizia idadi ya abiria kabla ya kuulizia chumba

Anayetafuta tiketi ya meli ya kwenda Antaktika huoneshwa kwanza picha za vyumba, migahawa na mabwawa ya maji moto, ilhali jambo linaloamua zaidi kama safari hiyo itastahili fedha zake halimo katika picha hizo, nalo ni idadi ya abiria watakaokuwa melini. Nilisafiri kutoka Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, kwa meli isiyochukua abiria zaidi ya 200. Kwa kazi iliyofanyika baharini naipa kampuni husika alama za juu; kwa namna ilivyoniuzia safari yenyewe, alama zake ni za chini, na sababu nitazieleza.

Idadi ya abiria ina uzito huo kwa sababu ya kanuni. Kampuni nyingi zinazopeleka watalii Antaktika ni wanachama wa IAATO, chama kilichoanzishwa mwaka 1991, na taratibu zake, zinazokwenda sambamba na maazimio ya nchi za Mkataba wa Antaktika, haziruhusu abiria zaidi ya 100 kuwa nchi kavu mahali pamoja kwa wakati mmoja, wala haziruhusu meli yenye abiria zaidi ya 500 kushusha hata mtu mmoja. Maana yake ni kwamba katika meli ya abiria 200 kundi moja hushuka huku jingine likizungushwa kwa boti kati ya vipande vya barafu, kisha wakabadilishana, na kila mtu akapata muda wa kutosha wa kutembea, kusimama na kutazama. Meli ikiwa na abiria 400 na zaidi, zamu huwa nne au tano, na muda mwingi wa asubuhi huishia chumbani mtu akisubiri kundi lake liitwe. Meli hizi zote hutangazwa kwa maneno yaleyale, na tangazo mara nyingi huwa kimya kuhusu zamu, kwa hiyo msafiri aulize mwenyewe, tena kwa maandishi.

Kabla ya kufika huko kuna Mlango wa Drake, bahari yenye upana wa takriban kilomita 800 kati ya Rasi ya Horn na Visiwa vya Shetland Kusini, na kuivuka huchukua karibu siku mbili. Pale hakuna nchi kavu ya kuzuia upepo wala mawimbi, na abiria wengi walilewa bahari kiasi cha kutofika mezani. Daktari wa meli aligawa dawa mapema, jambo ninalolisifu, kwa kuwa dawa za kulewa bahari hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa kabla mtu hajaanza kutapika. Kwa upande wa vyumba, ushauri wangu ni chumba cha sitaha ya chini, katikati ya meli, ambako mtikisiko ni mdogo. Vyumba vya juu vyenye roshani huuzwa kwa bei kubwa, lakini ndivyo vinavyoyumba zaidi. Chakula kilikuwa kizuri na cha kutosha.

Siku ya pili ya kuvuka ilitengwa kwa ukaguzi wa mavazi, na hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu waongozaji wetu. Kila koti, suruali, begi na kiguu cha kamera kilipitishwa mashine ya kufyonza vumbi, mishono ya mifuko ikachokolewa kwa kibano na mikanda ya kunata ya nguo (velcro) ikakaguliwa, maana mbegu moja ya nyasi ikidondoka kwenye ardhi ile inaweza kuleta mmea usiokuwapo. Viatu vilisuguliwa na kutumbukizwa katika dawa ya kuua vijidudu kabla na baada ya kila matembezi. Tangu mafua makali ya ndege yafike katika maeneo hayo, hairuhusiwi pia kuketi, kupiga magoti wala kuweka begi chini. Kuna abiria walionung'unika, lakini waongozaji hawakulegeza kamba, na kwangu mimi kampuni inayolegea katika hatua hii haifai kupewa fedha ya mtu.

Boti za mpira aina ya Zodiac ndizo zinazowafikisha watu ufukweni, na kupanda kwake kuna utaratibu: abiria na baharia hushikana karibu na kifundo cha mkono, si viganja, kwa sababu viganja vilivyolowa huteleza. Nchi kavu ya kwanza ilikuwa Kisiwa cha Cuverville, chenye koloni kubwa la pengwini aina ya gentoo. Harufu humpokea mtu akiwa bado botini, na kinyesi chenye rangi ya waridi, inayotokana na krili, wale uduvi wadogo wanaoliwa na ndege hao, kimetapakaa juu ya theluji na mawe. Pengwini mmoja alikuwa akibeba jiwe dogo mdomoni hadi kwenye kiota chake, akaliweka, akageuka kufuata jingine, na jirani yake akalichukua lile la kwanza bila kukawia. Sharti ni kukaa umbali wa angalau mita 5, na pengwini akikatiza njia, binadamu husimama mpaka apite. Mguu wa mtu ukizama kwenye theluji, shimo hufukiwa papo hapo, kwa kuwa pengwini akitumbukia humo anaweza kushindwa kutoka. Mwongozaji wetu alikuwa akirudi nyuma ya kundi na sepetu kuhakikisha hakuna shimo lililosahauliwa.

Neko Harbour ilinionesha thamani ya uongozi mzuri kuliko mahali pengine popote. Pale ukuta wa barafu hutazamana na ufukwe, na kipande kikubwa kikimeguka huinua mawimbi yanayofagia mchanga wote, hivyo kila aliyeshuka alipelekwa moja kwa moja mahali pa juu na kukatazwa kurandaranda karibu na maji. Ukuta ulimeguka mchana huo. Ngurumo ilitufikia baada ya barafu kuanza kuanguka, kisha maji yakapanda mpaka pale tulipokuwa tumeteremkia.

Sasa nifike kwenye malalamiko. Kijitabu cha matangazo kiliorodhesha Mlango wa Lemaire, Port Lockroy na Kisiwa cha Deception siku kwa siku, kana kwamba ni vituo vya basi. Ukweli ni kwamba nahodha na kiongozi wa msafara huamua kila jioni kufuatana na upepo na barafu, na hiyo ndiyo njia sahihi pekee. Mlango wa Lemaire, njia nyembamba yenye urefu wa kilomita 11 kati ya milima, tuliukuta umeziba kwa barafu tukageuza. Port Lockroy, kituo cha Waingereza cha mwaka 1944 ambacho leo ni makumbusho na posta, hatukukiona. Deception, ambayo ni kasoko ya volkeno iliyoingiwa na bahari, tuliingia na kutembea kati ya mapipa yenye kutu ya kiwanda cha mafuta ya nyangumi. Siwalaumu mabaharia hata kidogo. Namlaumu aliyeandika kijitabu, kwa sababu abiria aliyeahidiwa orodha huteremka melini na kinyongo ambacho angeepushwa kwa aya moja ya ukweli.

Msimu huanza mwishoni mwa Oktoba hadi Machi, na tofauti zake zinastahili kuzingatiwa wakati wa kulipia. Novemba theluji bado ni safi na pengwini ndio kwanza wanajenga viota. Mwishoni mwa Desemba na Januari vifaranga huanguliwa na kukua. Februari na Machi fukwe huwa na matope, lakini nyangumi wenye nundu huwa wengi na wa karibu. Anayependa nyangumi asidanganywe na sifa za mwanzo wa msimu.

Lalamiko la mwisho ni zito zaidi. Sharti la bima ya uokoaji wa dharura nililetewa baada ya kulipa malipo ya awali yasiyorudishwa, pamoja na orodha ya gharama zisizokuwamo, zikiwemo kayaki na intaneti. Melini kuna daktari na chumba cha matibabu, lakini hakuna hospitali ya kukimbilia. Mgonjwa mahututi hupelekwa mara nyingi Kisiwa cha King George kusubiri ndege, na ndege hutua hali ya hewa ikiruhusu. Kwa msafiri mwenye maradhi ya moyo au umri mkubwa, bima hiyo inaweza kuwa ghali, au ikakataliwa kabisa. Itafutwe kwanza, na tiketi ilipiwe bima ikishapatikana.